Kwa Papa Hilaire Mukendi, mwalimu wa kurudisha pumzi

Mwaka umezunguka, Papa, tangu tulipokusindikiza makaburini, na bado mtu akigonga mlango kwa haraka tunageuka kutazama kama umeshavaa viatu. Ulikuwa daktari wa urgence, wale wanaompokea mtu akiwa bado anatoka damu, na chakula chako kilizoea kupoa.

Wengine walikujua kama profesa. Sisi tunakumbuka sebule yetu ya mtaa wa Panda imejaa wanafunzi wakijifunza kubonyeza kifua cha mgonjwa juu ya mfuko wa unga, kwa sababu sanamu ya kufundishia ilikuwa moja tu, tena imepasuka. "Hilaire, ile unga haiko mugonjwa!" Mama Jenny alikuwa anakupigia kelele kutoka jikoni. Nawe: "Acha, Jenny, iko karibu kuamuka." Jioni tulikula bukari, ugali wetu, ya unga ule ule, na aliyecheka zaidi alikuwa Mama.

Utafiti wako ulikuwa na swali moja, ulilibeba hata kanisani. Mtu akizimia au akiumia mbali na hospitali, walio karibu naye wakiwa wamefundishwa, je, atafika akiwa hai? Ulilifuata kwa wachimbaji migodini na kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele. Ulikaa nao chini, ukala nao, ukawafundisha. Mwanafunzi akikosea hukumtukana. Ulimwambia tu, "Anza tena, mugonjwa anakungojea."

Figo zako zilipochoka, kitanda chako kikawa darasa. Uliwaruhusu wanafunzi watafute mshipa mkononi mwako, na aliyeukosa ulimpa mkono wa pili. Kitu kimoja kilikunyima usingizi: utafiti ulikuwa umefika nusu. Ulimwambia Chadrack, msaidizi wako, mbele yetu: "Minye naenda, lakini kazi isiende na minye." Chadrack akainama kukusanya karatasi zako. Siku ya kilio chako ndipo alituambia ukweli, kwamba hakuna wa kuiongoza kazi ile, na yeye mwenyewe moyo umemwisha. Iliuma sana, Papa. Tuliona tunakuzika mara mbili.

Hapo hapo kwenye kilio, jirani yetu Mama Chérie akaanguka akilia. Unajua vilio vya kwetu, mwanamke akianguka tunasema ni uchungu. Tulimpepea, tukamletea maji, nyimbo zikaendelea. Mama alikuwa kwenye mkeka wa mjane, na mjane hainuki. Aliinuka.

"Huyu haiko analia," alisema. "Haiko anapumua. Mutoke hapa."

Akapiga magoti, akaanza kubonyeza kifua kama alivyokuona ukifanya miaka yote huku yeye akinung'unika. Chadrack na wenzake wakampokea, wakapokezana ndani ya gari mpaka hospitali. Shangazi zetu walisema sana juu ya ule mkeka ulioachwa. Mama Chérie alipona.

Chadrack alirudi kesho yake, macho mekundu, hakutaka hata kukaa. "Mama, tunaendelea," alisema, akaondoka. Na kweli waliendelea, mvua na vumbi, yeye na wanafunzi wako. Mwezi uliopita utafiti wako ulisomwa mbele ya maprofesa, jina lako likiwa la kwanza. Jibu ni ndiyo, Papa. Pale ulipofundisha, watu wengi zaidi wanafika wakiwa hai. Tunakujua, ungeuliza kwanza makosa ya utafiti yako wapi. Yapo, na Chadrack ameahidi kuja kaburini kukueleza mwenyewe.

Mama naye, aliyekataa kila somo lako akisema yeye si mganga, sasa anawafundisha wamama wa parokia kila Jumamosi. Tunamtania kwamba amekuwa profesa, anatufukuza. Hana maneno mengi. Anawaambia: "Mutu akianguka kwenye kilio, muangalie kwanza kama anapumua. Kisha mulie."

Tunaokukumbuka ni mke wako Mama Jenny, sisi watoto wako Fortunée, Hénoc na Jessy, mdogo wako Cyrille, wajukuu, na wanafunzi wako wote, ambao bado wanaingia nyumbani bila kubisha. Misa ya kukuombea ni Jumapili hii asubuhi. Somo la kwanza atasoma Mama Chérie.

Siku zote tuko nawe moyoni, Papa.