Mkeka wa Agape

Maili Moja, Kibaha
8 Aprili 2025

Shikamoo mama. Miguu inaendeleaje na masika haya? Mimi na duka langu tu wazima. Agape hajambo? Juzi kwenye simu hakutaka kuongea nami mama yake, alilia tu. Kuna nini huko?

Mwanao, Herieth

Maneromango, Kisarawe
10 Aprili 2025

Marahaba mwanangu. Miguu ndiyo hiyo hiyo, bado inanipandisha huku kanisani kutafuta mtandao. Huyu mke mwenzangu Agape ameanza tena kukojoa kitandani. Miaka mitano yote hiyo, jamani! Nimemkataza maji kuanzia alasiri. Asubuhi anabeba mkeka wake kichwani, anapita nao kwa majirani, wenzake wanamzomea. Si ndivyo nilivyokunyoosha wewe? Ila siku hizi akienda haja ndogo analia, anasema kunachoma. Chango hilo. Nimemchemshia mizizi.

Mama yako

11 Aprili

Shikamoo mama. Usimnyime maji, nakuomba! Mtoto wa jirani yangu Fadhila alianza hivyo hivyo, inachoma, kitanda kinalowa, mara homa. Walipompima mkojo ikawa UTI, na daktari akawaambia ikiachwa inapanda mpaka kwenye figo. Mizizi acha. Mpeleke kituo cha afya leo. Ana homa? Nijibu mama.

Mwanao

12 Aprili

Mama, mbona kimya? Napiga, hupatikani. Wanasema mvua imeharibu barabara. Kesho nafunga duka nakuja, hata kwa miguu. Mpe maji, mama. Maji tu.

Herieth

13 Aprili, Jumapili ya Mitende

Mwanangu, salamu baadaye. Ujumbe wako nimeusoma sasa hivi hapa kanisani. Agape anaungua homa, anatapika. Tangu jana anaubana mkojo, anaogopa kuchomwa na anaogopa mkeka. Kaniambia, "Bibi, leo sijakojoa, usinibebeshe." Ole wangu, Herieth! Jirani yetu Ponsiano anatutoa na trekta lake mpaka hospitali ya Kisarawe. Hasira zako ziweke kwanza, niombee.

Mama yako

13 Aprili

Mama, nimefika Pugu, magari yamekwama. Amekojoa? Niambie hilo tu. Amekojoa?

Herieth

Kisarawe, wodini
14 Aprili 2025

Mwanangu, umeamkaje huko ulikokwama? Simu ilizima chaji, nesi ndiye kanisaidia. Agape katundikiwa dripu, anachomwa sindano za dawa. Daktari alisema tusubiri mkojo, na mimi nikasubiri nimekaa kitandani pake mpaka usingizi ukanichukua ubavuni mwake.

Asubuhi hii nimeamka kanga yangu imelowa chapachapa. Shuka limelowa, godoro limelowa! Agape kajifunika uso, anatetemeka. Nimepiga kigelegele mpaka nesi kaja mbio. Homa nayo inashuka.

Lile shuka nimelibeba kichwani mwenyewe, nikapita nalo katikati ya wodi, watu wananicheka. Agape kafunua uso, naye akanizomea, "Bibi kikojozi!" Nikamwambia, "Ndiyo, mama, zomea."

Njoo. Ana kiu, na kikombe kiko mkononi mwake.

Mama yako, kikojozi wa wodi ya watoto