Baiskeli Tuliyopewa kwa Pamba

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka. Sisi huku Zagayu tu wazima. Mama yako anapalilia, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeniuliza mnachofundishwa chuoni, nchi zinabadilishanaje bidhaa bila fedha. Mimi nayajua hayo kwa baiskeli moja tu. Miaka ile biashara ilipoanza kufunguliwa, serikali haikuwa na fedha za kigeni. Pamba yetu ikapelekwa ng'ambo, meli ikarudi na baiskeli, wakulima tukagawiwa. Bila mpango ule tungeendelea kwenda Bariadi kwa miguu. Ila bibi yako alitaka cherehani. Karani wa ushirika akamwambia, "Mayu, mama, wenzetu wa ng'ambo wametoa walichonacho." Bibi yako akaguna, akapanda keria.

Tairi lilipopasuka ndipo tulipojua tabu yake. Saizi ile haikupatikana popote, na wa ng'ambo walishapata pamba yao. Bibi yako akachukua fifi, ile pamba chafu iliyobaki ghalani, akaishindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu. Jumapili tukaenda kanisani tukirushwarushwa, yeye akicheka mgongoni kwangu: "Tulitoa pamba tupate baiskeli, na bado pamba ndiyo inatubeba!"

Cherehani nilimnunulia miaka ya baadaye, dukani, aliyoichagua mwenyewe. Ipo, nzuri. Lakini tangu tulipomzika, ninachokwenda kukishika kila asubuhi ni ile keria.

Guku wako