Wiki Mbili Zisizo na Mtoto

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini kile kikohozi cha wifi sasa kinawaacha mlale. Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu. Kabla hujaendelea, keti, na panga mpe wifi alifiche, maana nakujua: hasira zako hutangulia viatu.

Unakumbuka shemeji yako alikuwa kambini, kwenye ujenzi wa barabara. Alirudi, na haukupita muda nikaanza kutapika asubuhi. Nikaenda kupimwa kwa picha mapema, kwa furaha tu. Mama mpimaji akanionyesha kitu mfano wa harage, akakipima urefu, akaandika kwamba mimba ni ya wiki nane, na tarehe ya kujifungua chini yake. Nilirudi nyumbani naimba.

Shemeji yako aliisoma ile karatasi, akahesabu kwa vidole. Yeye alikuwa na wiki sita tangu arudi. Hakuuliza, kaka. Kofi la kwanza liliniangusha juu ya cherehani, kisha akaniburuta kwa nywele hadi uani, akitaka nimtaje mwanamume. Nilijikunja kama jongoo kukinga tumbo, mateke yakaishia mgongoni. Jino la mbele sijui lilikokwenda. Nilipokosa jina, akajitafutia mwenyewe: akavunja mlango wa fundi redio, mpangaji mwenzetu, mzee wa watu ambaye kosa lake ni kunichajia simu. Akamvunja taya kwa nyundo.

Nisikufiche, kilichoniuma zaidi ni kwamba nami nilianza kujitilia shaka. Sijamjua mwanamume mwingine, lakini karatasi ya hospitali nani ataibishia? Nililala sakafuni nikijiuliza kama nina wazimu.

Nikarudi kwa mpimaji na uso umevimba. Alishika kichwa. Akanieleza kuwa umri wa mimba huanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si siku mtoto alipotungwa. Zile wiki mbili za mwanzo tumboni hamna mtu. Alimpigia simu shemeji yako, akamfafanulia mpaka akaelewa.

Basi akaja nyumbani na machozi na mfuko wa machungwa, akanikuta napiga pasi suruali za wateja. Akasema yameisha, tena akacheka kwamba hesabu ndiyo iliyomponza. Nikamuuliza fundi redio atatafunia nini. Akasema nisimjibu hivyo, akanyanyua mkono ule ule.

Kaka, niliudaka. Nikaubana mezani, nikauwekea pasi ya mkaa, nikaikandamiza kwa uzito wangu wote mpaka ngozi ikabaki kwenye chuma. Alilia kama mtoto. Kila siku najaribu kujuta, nashindwa.

Sasa nimejihifadhi kwa mama mpimaji. Moyo wa mtoto unadunda, nimeuona. Usije na panga, kazi yake nimeshaifanya. Njoo na mkokoteni, maana cherehani changu ni kizito nami nimekatazwa kubeba. Ukinikubalia, nitajifungulia kwako. Tarehe shemeji yako anaijua, kaisoma mwenyewe. Siku hiyo akibisha mlangoni, muulize kwanza amekuja kumhesabu nani.

Wifi nampa pole ya kikohozi, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi cherehani