Mtandao wa Mzee wa Rangi

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu mwingine yeyote: nadhani baba haendi kazini. Na aliyenifahamisha si mtu, ni ile adapta ya waifai uliyonitumia.

Samahani, nimeanza na hilo kabla ya kukujulia hali. U mzima? Mgongo unaendeleaje na hayo mashuka ya hoteli? Sisi huku wazima wa afya. Ningekutumia ujumbe, lakini simu yako ilishafuliwa pamoja na mashuka, na hiyo ya vitufe haiwezi kubeba maneno yote haya. Kupiga nako haiwezekani. Simu ya mama siku hizi inaongea kwa spika tu, nyumba nzima inasikia.

Laptopu ilifika salama. Waifai yake ya ndani imekufa kama ulivyosema, kwa hiyo nikachomeka adapta pembeni. Haikufanya kitu. Programu yake iko kwenye sidii, na laptopu haina pa kuingizia sidii. Ikabidi niende kwa fundi simu wa ng'ambo ya barabara. Nikasimama pale kibandani bila kusema neno mpaka akachoka. "Dada, unanunua au unanilinda?" Nikamwonyesha adapta. Akacheka sana. "Yaani kifaa cha intaneti kinataka kwanza intaneti ndipo kikupe intaneti!" Lakini alinipakulia programu kwenye flashi, na akanipa nywila ya waifai yake niitumie siku ya mtihani wa mtandaoni wa kuingia chuo cha uuguzi.

Nyumbani nikaiweka programu, nikazima laptopu na kuiwasha upya. Taa ndogo ya buluu ikaanza kupepesa, na majina ya mitandao yakajipanga: la fundi, ya majirani, na moja limeandikwa MZEE WA RANGI. Ni waifai inayotoka kwenye simu ya baba, wewe mwenyewe ndiye uliyeipa jina hilo. Ingekuwa jioni nisingeshangaa. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi, na baba alishatoka na sare yake na kopo lake la chakula kwenda stoo ya kiwanda cha rangi, kule mwisho wa mji.

Tangu siku hiyo natazama kila asubuhi. Akitoka, vile vimistari vya mtandao vinapungua hadi kinabaki kimoja. Hicho kimoja hakiondoki.

Labda adapta inakumbuka majina ya zamani? Niambie ni hivyo.

Mdogo wako,
Kimya

14 Februari

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Mgongo unalalamika, lakini kazini unakwenda. Mama hajambo? Haulizi tunaandikiana nini? Akiuliza mwambie ni mambo ya wavulana, atacheka na kutuacha.

Nimekaa na barua yako bila kujibu kwa sababu nilitafuta namna ya kukuambia unachotaka kusikia. Sikuipata. Adapta haionyeshi mtandao wa jana. Inaonyesha unaoshika sasa hivi, na ile antena yake ndefu inanasa hata ule ambao laptopu peke yake isingeuona. Waifai ya simu ya baba niliiwasha mimi nilipokuja likizo, nikaondoa na mpango wake wa kujizima. Alinishika mkono: "Usiizime, mwanangu, mimi nitaiwashaje tena?" Basi mpaka leo inawaka.

Hata hivyo usimhukumu bado. Huenda simu anamwachia mtu hapo jirani. Tembea uani na laptopu, uone vimistari vinapanda ukielekea wapi. Ukishajua, rudi ndani. Usimfuate, wala usimwite.

Dada yako

22 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila chakula hakipiti.

Nilifanya ulivyosema. Mama alikuwa anaanika nguo, akaniona nazunguka na laptopu kifuani. "Umeibeba kama mtoto anayeota meno! Iweke chini ilale." Nikamwambia natafuta mtandao. Vimistari vilipanda nilipokaribia ukuta wa nyuma. Mama alipoingia ndani, nikachungulia penye tofali lililong'oka.

Upande wa pili ni karakana ya seremala. Baba alikuwa mwisho kabisa, amekaa juu ya mbao, sare imenyooka vile vile mama alivyoipiga pasi. Hakuwa amelala. Seremala akamwambia, "Mzee, sogea kidogo nichukue ubao." Baba akainuka haraka, kama mwanafunzi aliyekutwa kwenye dawati lisilo lake, akaenda kukaa kwingine. Pale nilishindwa kuendelea kutazama.

Unajua jioni inavyokuwa. Mama anamuuliza, "Haya, leo stoo kumetokea nini?" Na baba anaanza: nani kachelewa, nani kamwaga rangi ya kijani, msimamizi kafoka vipi. Mama anacheka mpaka anafuta macho. Dada, yote yale anayatunga. Nadhani hiyo ndiyo kazi anayoifanya kutwa nzima pale kwenye mbao.

Nimwambie mama?

Mdogo wako,
Kimya

4 Machi

Kimya,

Hapana. Usimwambie.

Nimempata kwa simu kuli mmoja aliyefanya kazi na baba. Kiwanda kilipunguza watu wakati wewe unajiandaa kwa mitihani ya mwisho ya shule. Baba alimwambia yule kuli, "Binti yangu akimaliza, nitasema." Ukamaliza, na yeye kwa kuchelewa huko akaona kusema kumekuwa kugumu zaidi. Mwache aseme mwenyewe. Mama akisikia kwako, utakuwa umemvua baba nguo mbele ya mkewe.

Na sikiliza. Siku ya mtihani tumia waifai ya fundi. Ya baba usiiguse. Laptopu yako niliipa jina KIMYA. Kifaa chochote kikiingia kwenye waifai yake, simu inalia na kuonyesha jina. Atajua uko karibu kiasi gani, na atajua unajua.

Usome. Nakuombea.

Dada yako

13 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sote wazima, ukiuliza miili. Mtihani nimeufanya, lakini sikukutii.

Nilianza vizuri kwa waifai ya fundi. Nilipofika maswali ya mifupa, umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ina betri, mtambo wa fundi hauna. Majina yakafutika kwenye orodha moja baada ya jingine, likabaki la baba. Ukurasa ulionya kuwa nikikaa nje ya mtandao mtihani utafungwa. Nilijua nikikosa hapa ni mpaka mwakani, na nyumbani kwetu hakuna wa kungoja mwakani. Nywila ni ile ile, jina lako na langu pamoja. Nikaiandika.

Kimstari kimoja. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Nikamwona kichwani mwangu anaitazama simu, analisoma jina langu. Niliogopa ataondoka kwa aibu, aende mbali ambako sitamfikia.

Vikawa viwili. Kisha vitatu. Ukurasa ukafunguka. Vikajaa vyote, na nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta, karibu na dirisha langu. Ni kile cha baba akiwa hana la kusema.

Sikufungua dirisha. Nilijibu maswali, na yeye alisimama pale kwenye jua hadi nilipotuma la mwisho.

Jioni alirudi saa zake. Mama akamkazia macho. "Baba watoto, mbona uso umeungua hivyo? Stoo wameing'oa paa?" Baba akafungua mdomo. Sijawahi kumwona amekosa hadithi.

Mimi, ambaye kumsalimu mgeni tu ni kazi, nikasema, "Leo walipakua mzigo nje, mama. Baba alikuwa anasimamia."

"Wewe umejuaje?"

"Ameniambia hapo mlangoni."

Mama akaguna, akaenda kumletea maji. Baba akanitazama. Akatazama mikono yake. "Mtihani ulikwendaje?"

"Ulikwenda, baba. Mtandao ulikuwa na nguvu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kosa.

Leo asubuhi ametoka tena na sare. Sasa tuko wawili tunaomdanganya mama, na sijui kama nilimsitiri au nilimfungia mlango aliokuwa karibu kuufungua. Dada, nakusihi, usimwambie mama. Na baba asijue kabisa kwamba nimekuandikia haya. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii. Jambo hili libaki kwako peke yako.

Mdogo wako,
Kimya