Fungu la Mama

Marahaba, mume wangu Bakari. Huku Newala hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kama yangu. Mbaazi zimechanua, na mchicha umestawi mpaka nawagawia majirani.

Unauliza kama sichoki, tangu nistaafu ualimu, kwenda kila jioni kwenye ukingo wa genge kutazama bonde lile lile. Sichoki hata kidogo!

Nilipokuwa msichana tulishuka bondeni kuteka maji, tukapanda na ndoo kichwani. Mama alinionya daima, "Usigeuke, yatamwagika." Siku moja ndege hondohondo walilia nyuma yetu, nikageuka. Ndoo ikaanguka. Nikajikunyata nikingoja kofi. Mama naye akageuka polepole, ameishika ndoo yake kwa mikono miwili. Akalitazama bonde mpaka nikadhani amenisahau.

"Kumbe kunapendeza hivi," akasema.

Njia ile alikuwa ameipanda tangu utotoni mwake.

Kwa hiyo nikimaliza kutazama fungu langu, naanza la mama. Njoo likizo, na lako lipo.

Mkeo asiyezeeka,
Bibi Somoe