Aproni juu ya jeneza la Hilda

Mervyn, tumemzika Hilda. Afadhali hukuwepo.

Nilitandika aproni yangu ya Frimasoni juu ya jeneza. Desmond, huyo mkuu wa loji, tawi letu la Frimasoni, akanifuata mbele ya kanisa zima: "Toa hiyo, mzee. Mila yetu hapa Ireland, aproni huwekewa ndugu wa loji. Mkeo hakuwa ndugu."

Hakuwa ndugu. Hilda, Mervyn, aliyetushonea aproni loji nzima, hakuwa ndugu.

Nikamuuliza, "Na hiyo yako kakushonea nani?"

"Usituaibishe, bwana. Mila sikuitunga mimi."

Wengine wakainamisha macho kwenye aproni zao. Wakubwa hawa hawana utu.

Akaivuta mwenyewe. Utepe ukachomoka.

Sasa niko nayo jikoni na kikapu cha nyuzi cha Hilda. Hata kutunga uzi kwenye sindano nimeshindwa.