Somo Lililofundishwa Mara Mbili

Kaka yangu,

Sisi wazima, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Nakuandikia kuhusu binti yako.

Jana alifundisha somo lake la mwisho la mazoezi ya ualimu, katika sekondari iliyo jirani na chuo. Chuo chetu ni kidogo, na mkaguzi wa hisabati ni mimi peke yangu. Basi niliketi nyuma ya darasa nikamkagua mtoto wa ndugu yangu. Kila swali lilijibiwa upesi mno. Nikamnong'oneza msichana aliyekuwa kando yangu, "Mbona leo mna akili hivi?"

"Haya tulifundishwa juzi," akasema. "Mwalimu katuomba tujifanye hatuyajui."

Nilimfelisha. Jioni alipanga nguo zake sandukuni. "Shangazi, wenzangu wote hufanya hivyo."

"Nao nikiwabaini watafeli."

Akaondoka bila kuaga.

Akifika huko, usimgombeze. Nimekwisha kumgombeza vya kutosha. Mpe chakula, alale, kisha umlete mwenyewe kabla ya Jumatatu. Nimemwombea kwa mkuu wa chuo darasa jingine, la wanafunzi asiowajua. Asipofika, ualimu ameukosa. Mkaguzi nitakuwa mimi tena. Mwambie hivyo, asije akadhani nimemlegezea.

Dada yako